Ugandamizaji wa Unga wa Dawa: Fuwele, Unyevu na Kidonge

Ugandamizaji ni hatua ya kiwandani ambamo unga wa dawa uliomiminwa kwenye kalibu hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kwa muda usiofika hata nusu sekunde, mpaka ukawa kidonge. Nguvu ya mashine, hata iwe kubwa namna gani, haifai kitu ikiwa chembe za unga hazikubali kubonyea na kushikana, na kukubali huko hutegemea sana mpangilio wa molekuli ndani ya fuwele, yaani chembe ngumu ambazo molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu, pamoja na maji yaliyomo katika unga.

Parasetamoli huonyesha jambo hili vizuri. Molekuli yake ni ileile, ila fuwele zake zina maumbo zaidi ya moja. Katika umbo la kwanza, ambalo ndilo thabiti na ndilo linalotumika viwandani, tabaka za molekuli zimepindapinda mfano wa mabati ya kuezekea yaliyolaliana, hivi kwamba moja haliwezi kuteleza juu ya jingine kwa kukatisha mikunjo. Fuwele hizo hunywea chini ya mhuri, kisha hujitutumua zinapoachiwa, na kidonge hubanduka kipande cha juu kama kifuniko. Umbo la pili lina tabaka bapa zitelezazo kama karata, nalo hubanika vyema zaidi. Bahati mbaya, halitulii, huelekea kurudi katika umbo la kwanza. Kwa hiyo watengenezaji huvumilia umbo kaidi na kulichanganya na wanga na viunganishi vingine.

Maji nayo yana pande mbili. Unyevu kiasi hulainisha chembe na kupunguza kule kujitutumua, kwa hiyo unga mkavu kupita kiasi hutoa vidonge vinavyobanduka. Unyevu ukizidi, unga hunata kwenye mihuri na hauteremki sawasawa ndani ya kalibu, na uzito wa vidonge hutofautiana. Ikumbukwe kwamba maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, kama yale ya laktosi (sukari ya maziwa inayochanganywa katika vidonge) ambayo ni takribani asilimia 5 ya uzito wake, si sawa na yale yaliyotanda juu ya chembe. Haya ya juu ndiyo hasa yanayobadilika na hali ya hewa.

Hata kidonge kilichokwisha kutengenezwa hakijasalimika. Karbamazepini, dawa ya kifafa, ikikaa penye unyevu hufyonza maji, na fuwele zake hugeuka kuwa za aina yenye maji ndani yake; kidonge hukakamaa na kuyeyuka polepole. Nchini Marekani wagonjwa walionywa wasiiweke bafuni, kwa kuwa huenda ikapoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake ingawa kwa macho kidonge ni kilekile.