Kompyuta Haikuibii, Ilipewa Mtaji

Wiki hii nimepokea tena lalamiko ambalo nimelisoma kwa miaka mingi. Mchezaji alipandisha ugumu hadi ngazi ya juu kabisa, mji wake mkuu ukatekwa kabla ya zamu ya 100, kisha akaniandikia: "Kaka, kompyuta yako ni mwizi. Inaona ramani nzima na inajua ninachopanga kabla sijakifanya." Nilimwomba anitumie faili la mchezo wake uliohifadhiwa, naye kwa uungwana akalituma. Nitalirudia faili hilo baadaye. Kwanza naomba niijibu imani yenyewe, kwa sababu kazi yangu ni kuandika msimbo wa wapinzani wa kompyuta katika michezo ya mikakati ya kihistoria, na anayeiamini imani hiyo hawezi kuona kile kinachomuudhi hasa.

Imani hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba ugumu ukipanda, kompyuta hufikiri zaidi. Ya pili ni kwamba ikishinda, imeshinda kwa kuchungulia. Katika michezo mingi ya aina hii msimbo unaofanya maamuzi kwenye ngazi ya kati ndio huo huo unaofanya maamuzi kwenye ngazi ya juu, na kinachobadilika ni mtaji. Katika Civilization VI, mchezo wa zamu wa kujenga dola uliotoka mwaka 2016, mpinzani wa Deity, ngazi ya juu kabisa, huanza na walowezi watatu, yaani waanzilishi wa miji, wakati wewe umepewa mmoja, na vikosi vyake huongezewa alama 4 za nguvu katika mapigano. Mwenye miji mitatu tangu mwanzo atakuzidi kwa mavuno, kwa wanajeshi na kwa elimu hata kama kila uamuzi wake ni mbovu kuliko wako. Akili yake haijaongezeka hata chembe.

Sisi tunaotengeneza michezo hii tungependa sana kumpa akili badala ya mali, na pale inapowezekana tunafanya hivyo. Katika Age of Empires II ya mwaka 1999 mpinzani wa ngazi ya juu kabisa alikuwa akiongezewa chakula, mbao na dhahabu bila kuzifanyia kazi. Toleo lililoandikwa upya mwaka 2019 lina mpinzani anayewatesa wachezaji wengi bila kuongezewa kitu. Huo ni mchezo wa muda halisi, yaani wote hucheza kwa pamoja bila kusubiriana zamu, ambamo dakika za mwanzo zinafuata mpangilio unaojulikana: wanavijiji wangapi kwenye chakula, wangapi kwenye mbao, na lini uhamie zama inayofuata. Mpangilio wa namna hiyo kompyuta huufuata bila kusahau hatua, tena huamuru vikosi vingi kwa wakati mmoja, jambo ambalo mkono wa binadamu hauliwezi. Katika mchezo wa zamu faida hizo zote hupotea, kwa kuwa wewe una muda wote unaoutaka wa kutafakari, na kompyuta ndiyo inayoharakishwa.

Hesabu yake ni hii. Katika sataranji mchezaji huwa na takriban hatua 35 halali za kuchagua katika zamu ya kawaida, na hata hivyo ilikuwa hadi mwaka 1997 ndipo Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, katika shindano kamili. Sasa chukua jeshi dogo la vikosi 20 kwenye ramani ya pembesita. Kila kikosi kinaweza kuingia katika moja ya pande sita au kubaki kilipo, yaani chaguo saba. Saba ikizidishwa kwa yenyewe mara 20 inakuwa takriban trilioni 80,000, na hiyo ni zamu moja ya jeshi moja, kabla hujagusa miji, biashara, dini, utafiti na mikataba. Wewe unataka wapinzani wote wamalize zamu zao ndani ya sekunde chache. Hakuna anayeweza kupekua mti wa chaguo wa namna hiyo, kwa hiyo hatuupekui. Tunaipa kila shabaha alama, tunachagua yenye alama kubwa, tunasonga mbele.

Ujinga mwingi unaouona unatoka katika alama hizo. Katika mchezo mmoja nilioufanyia kazi tulikuwa na jenerali aliyetembea mbele na nyuma katika njia nyembamba ya mlimani kwa zamu kumi na moja, huku mchezaji akiwapunguza askari wake kwa mishale. Nilifungua kumbukumbu za programu nikakuta mji wa kaskazini una alama 53 na ngome ya kusini 52. Akaelekea kaskazini. Alipopiga hatua mbili, doria ya mchezaji ilionekana karibu na mji ule, hatari ikapanda, alama zikashuka hadi 50, akageuka. Alipogeuka doria haikuonekana tena, mji ukarudi 53, naye akageuka tena. Kila uamuzi wake, ukiutazama peke yake, ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kukumbuka kwamba jana alikuwa ameamua jambo.

Dawa yake inaonekana rahisi: shabaha mpya isikubaliwe mpaka iizidi ya zamani kwa kiasi fulani cha alama. Tukaweka asilimia 15 na jenerali akaacha kuyumba. Wiki mbili baadaye wajaribio wetu wakaleta mchezo ambamo jenerali huyo huyo aliendelea kuuzingira mji mmoja usio na maana huku mji mkuu wa mfalme wake ukiteketea, maana alama za kuuokoa zilikuwa zimezidi kwa asilimia 14. Ukipunguza kizingiti anayumba, ukikiongeza anakuwa king'ang'anizi. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na bado kizingiti hicho nakipanga kwa kubahatisha, nacheza, narekebisha, nacheza tena. Sina kanuni ya kukitafuta.

Mfano mwingine unahusu kanuni za mchezo wenyewe. Hadi Civilization IV ya mwaka 2005 vikosi vingi viliweza kurundikana kwenye kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha ramani, na kompyuta ikasogeza jeshi zima kama mzigo mmoja. Civilization V ya mwaka 2010 iliruhusu kikosi kimoja cha kivita tu kwa kila kigae. Wachezaji waliifurahia ramani iliyochangamka, na wakati huo huo wakalalamika kwamba kompyuta imekuwa mjinga kuliko zamani. Kumtafutia msafiri mmoja njia ni tatizo lililopata jibu zuri tangu mwaka 1968, Hart, Nilsson na Raphael walipochapisha mbinu ya A*. Wasafiri kumi wanaozibiana njia, ambamo wapiga mishale wanatakiwa kubaki nyuma ya wenye mikuki, ni tatizo la aina nyingine kabisa. Kanuni iliyofanya vita vipendeze kwa binadamu iligeuza kila uvamizi kuwa fumbo kwa mashine, na hilo linapaswa kutajwa kila mtu anaposema watengenezaji wamezembea.

Kuhusu kuchungulia, ukweli lazima usemwe wote. Wapo miongoni mwetu wanaomruhusu mpinzani aone kupita ukungu wa vita, yaani giza linalofunika sehemu za ramani ambazo mchezaji hazioni, nami nimewahi kufanya hivyo. Katika mchezo ule ule wa jenerali niliwaruhusu wapinzani wajue miji ilipo kabla hawajaigundua, kwa sababu bila hivyo wapelelezi wao walizunguka bahari moja hadi mchezo ukaisha. Faida ya kivita ilikuwa ndogo mno. Zaidi walipata aibu, maana merikebu ziliondoka kuelekea kisiwa ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, na mchezaji makini akagundua. Niliona vibaya, na bado sijaridhika kama nilifanya jambo la haki. Nyongeza ya walowezi inaandikwa wazi kwenye maelezo ya ngazi ya ugumu, lakini jicho la siri haliandikwi popote. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo maana neno "wizi" linaponirushiwa kwa ajili ya nyongeza zilizo wazi, linaniuma.

Hesabu za mchezo hupindishwa pia kwa faida ya mchezaji, na hakuna anayeniandikia barua kuhusu hilo. Mwaka 2010 Sid Meier, muasisi wa Civilization, alieleza mbele ya watengenezaji wenzake jinsi wachezaji walivyokasirika waliposhindwa pambano walilokuwa na nafasi 3 kwa 1. Kihesabu, ukiwa na nafasi hiyo, utashindwa mara moja katika kila nne. Kihisia, mchezaji anaona ameahidiwa ushindi. Basi hesabu ikarekebishwa ifuate hisia. Nami nimefanya marekebisho ya aina hiyo, na wachezaji wakasema mchezo sasa "uko sawa".

Linaloniudhi kuliko yote ni suala la usaliti. "Tulikuwa marafiki miaka mia, akanivamia bila sababu." Sababu huwa ipo, tena ya kawaida sana. Msimbo wangu hupima mambo kadhaa: mipaka inagusana kiasi gani, ardhi yako ina thamani gani, una madeni gani ya kidiplomasia, na nguvu yako karibu na mpaka ikilinganishwa na yake. Mchezaji hupeleka jeshi lake lote ng'ambo ya bahari kupigana na mtu mwingine, huku mpaka wa jirani ukilindwa na kikosi kimoja cha wapiga mishale. Jirani anahesabu wapiga mishale hao, kama ambavyo mfalme yeyote katika historia angefanya, naye anavuka. Mchezaji aliyefanya hivyo hivyo kwa jirani mwingine zamu ishirini kabla anaona ametendewa isivyo haki. Tulimwongezea mjumbe sentensi moja tu kabla ya vita: "Majeshi yako yako mbali, na mashamba yako yako karibu." Hatukugusa uamuzi, na malalamiko ya usaliti kwenye mchezo ule yalipungua waziwazi. Kilichokuwa kikiwaudhi ni kimya cha mashine, kwa maana uamuzi usioelezwa huonekana kama hila.

Mahali palipo kimya watu hutunga sababu. Simulizi maarufu inasema kwamba katika Civilization ya kwanza, ya mwaka 1991, Gandhi alirusha mabomu ya nyuklia kwa sababu alama yake ya ukali ilikuwa 1, demokrasia ikaipunguza kwa 2, na kwa kuwa programu haikuweza kuhifadhi namba iliyo chini ya sifuri, ikazunguka na kuwa 255. Mwaka 2020 Sid Meier mwenyewe alikanusha kwamba kosa hilo lilikuwepo. Simulizi bado inaelezwa kila mahali kama ukweli.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tusitumie mashine zinazojifunza, kama AlphaStar, programu iliyofikia daraja la juu katika mchezo wa vita wa StarCraft II mwaka 2019. Kila wakala, yaani kila mchezaji wa kompyuta, wa mfumo ule alipitia hadi miaka 200 ya mchezo ili kujifunza mchezo mmoja wenye kanuni zisizobadilika. Sisi tunabadilisha bei ya mkuki kila baada ya wiki chache, na mpinzani anatakiwa aendeshwe kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe pamoja na wenzake ishirini. Huenda siku itafika, ila bado.

Swali gumu zaidi ni kama mpinzani anatakiwa kucheza ili ashinde. Soren Johnson, aliyeongoza Civilization IV na kuandika akili ya wapinzani wake, alitofautisha mwaka 2008 mpinzani hodari na mpinzani anayefurahisha. Mpinzani hodari kabisa angemwacha mwenzake wa kompyuta aangamie, angevunja kila mkataba zamu inapomfaa, na wote wangeungana dhidi yako ukikaribia ushindi. Tumelijaribu hilo, na wachezaji wamelichukia. Historia nayo inazidisha ugumu. Mchezo wa Europa Universalis IV huanza tarehe 11 Novemba 1444, siku moja baada ya vita vya Varna ambamo Waosmani waliwashinda Wakristo wa Ulaya, na mchezaji anatarajia Waosmani wakue na Konstantinopoli ianguke. Kwa hiyo mchezo huo una chaguo la kuyapa mataifa fulani yaliyotamba kihistoria bahati ya ziada yanapoongozwa na kompyuta. Ukiondoa bahati hiyo Waosmani huenda wakadhoofika mapema, na watu waseme mchezo hauijui historia. Ukiiweka, watu husema wanapendelewa. Mimi naegemea upande wa kuiweka na kuitangaza, lakini sidai kwamba wanaopinga wamekosea.

Sasa faili la yule ndugu. Nililifungua zamu ya 94, nikawasha dirisha linaloonyesha kila anachokijua mpinzani. Hakuwa anaona chochote ng'ambo ya mpaka isipokuwa mji mkuu wenyewe, uliokuwa vigae vitatu kutoka ngome yake, na kikosi kimoja cha wapiga mishale kilichokuwa ndani yake. Yeye alikuwa na vikosi kumi na vinne, matunda ya mtaji niliompa mimi. Nikarudisha mchezo nyuma zamu moja moja. Vikosi hivyo vilikuwa vimekusanyika pale tangu zamu ya 85, vikizibiana njia kwenye daraja moja la mto, cha mbele kikigeuka kila kilipouona mshale. Mji ambao mchezaji wa kawaida angeuteka kwa zamu mbili, mpinzani huyu aliuteka kwa zamu tisa. Nimemrudishia faili hilo pamoja na picha za zamu zote tisa, na suala la lile daraja nimeliandika kwenye orodha ya makosa ya kurekebisha wiki ijayo.