Mshale Si Sababu, Jamani

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana kafungua mchoro niliomtumia, wa vigeu (vitu vinavyobadilika, kama bei) vya modeli yangu ya kompyuta, kaweka kidole kwenye skrini: "Kaka, hapa hakuna mshale toka deni kwenda bei. Deni halina kazi, tulifute." Ni mara ya ngapi? Nimeacha kuhesabu.

Modeli inaigiza soko la dagaa la mwaloni Kirumba, Mwanza. Mawakala wake, yaani watu wa kuigizwa wanaojiamulia humo (si wale wa kutoa pesa kwa simu), ni wavuvi, matajiri wenye mitumbwi na wachuuzi. Mbalamwezi inaingia kwenye uvuvi kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mafuta na nyavu vinajieleza.

Sasa sikia. Programu inachora mshale kwa kusoma msimbo: kigeu hiki kimesomwa wakati wa kukokotoa kile, basi, mstari. Uchumi haiujui. Hata kigeu kukaa juu kabisa si ukubwa, ni Graphviz, programu ya kuchora, imekipanga hivyo ili mishale ielekee chini. Kwangu, bei haisomi deni popote. Deni la mvuvi kwa tajiri linasomwa mahali pamoja tu, mvuvi anapochagua wa kumuuzia: mwenye deni anampelekea tajiri wake, naye anauza asubuhi hiyohiyo, asiye na deni anaanika, anatia gunia, anangoja. Bei inazaliwa pale wawili wanapokubaliana. Kwa hiyo deni linaifikia bei kwa miguu ya watu, na miguu haichorewi mshale.

Nikafuta deni mbele yake, nikaendesha upya. Wavuvi wakaanika, magunia yakangoja mbalamwezi, dagaa wanapoadimika. Bei ya siku za giza ikapanda, ya mbalamwezi ikashuka. Akanyamaza.

Nami nilipaswa kunyamaza kidogo. Nilitumia mbegu ileile ya namba nasibu (namba ya kuanzia, inayofanya bahati za modeli zijirudie) nikijiona makini, kumbe ukifuta kanuni inayochota namba, zote zinazofuata zinasogea. Usiku nikarudia kwa mbegu 100. Mwelekeo ulibaki, ila mbio kadhaa za modeli zilikataa kuufuata, na sijaelewa kwa nini.

Mchoroni pia mishale inazunguka kati ya bei na safari za uvuvi. Si kosa: safari ya leo inasoma bei ya jana. Tuendelee.

Deni na bei sasa nimeviunganisha kwa mshale wa nukta, kwa mkono. Ni maoni yangu hayo, si ya programu. Juzi mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni akauchungulia mchoro kwenye laptopu, akafuata mistari yote kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, na mvua iko wapi?"

Haimo. Wala si mshale uliokosekana, ni kigeu chenyewe.