Kuhamisha simu ya mezani: kwa nini namba ya 023 haikufuati

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haipoi. Wenye maghala, wenye nyumba za wageni, wazee wa nyumba za zamani kule Shangani na Ligula hapa Mtwara, wote wanataka mambo matatu: wabadilishe kampuni ya simu ya mezani, wapate na intaneti humo humo, na namba ibaki ile ile. Mawili ya kwanza yanafanyika. La tatu ndilo linaloleta maneno.

Watu wamezoea simu za mkononi. Tangu Machi 2017 tuna utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba: unakwenda kwa wakala wa mtandao unaohamia ukiwa na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, mengine wanamalizana wenyewe. Sasa mtu akisikia kuhama, anadhani na mezani ni hivyo hivyo. Utaratibu ule ni wa namba za mkononi tu. Namba inayoanza na 023, yaani yetu sisi wa Lindi na Mtwara pamoja na wenzetu wa Pwani na Morogoro, inabaki kwa kampuni iliyokupa.

Ukipiga namba ya mkononi, mitambo ina mahali pa kuangalia kwanza kama namba hiyo imehama na imehamia wapi. Namba ya mezani haina swali hilo. Tarakimu zake zenyewe ndizo zinazoonyesha njia: 023 inaileta simu huku kwetu, zinazofuata zinaifikisha kwenye mtambo fulani, za mwisho zinaitupa kwenye jozi moja ya waya inayoingia nyumbani kwako. Si kwamba haiwezekani kubadili hilo. Uingereza walishabadili zamani, na tangu 12 Septemba 2024 mteja wa huko anazungumza na kampuni mpya peke yake, nayo inaiarifu ya zamani. Hapa kwetu mjumbe ni wewe. Utapanga foleni dirisha hili, kisha lile, na kila mmoja atakwambia kilichobaki kiko kwa mwenzake.

Na waya nao si wako. Wateja wengi hukasirika nikiwaambia hivyo, kwa sababu umepita darini kwao miaka yote. Wa ndani ni wako, lakini kuanzia kisanduku cha ukutani kwenda kwenye nguzo ni mali ya kampuni iliyouvuta. Kampuni mpya haiji kuurithi. Inakuja na faiba yake kama imefika mtaani kwenu, na kama haijafika inakuletea ruta yenye laini ndani, inayotegemea mnara.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na mimi nalisema kabla sijafungua begi la vifaa. Simu ya waya wa shaba haili umeme wa nyumbani kwako. Inalishwa kutoka kwenye mtambo, volti 48 hivi, na mtambo una betri zake. Nikiweka mita kwenye zile nyaya mbili nyumba ikiwa giza, sindano inapanda kama kawaida. Ndiyo maana zamani umeme ukikatika Mtwara nzima, mezani iliendelea kulia. Simu ya faiba au ya ruta haiko hivyo. Umeme ukienda, ruta inazima, na simu inazima nayo.

Mama mmoja wa Shangani alinipigia kwa simu ya mjukuu wake, analalamika.

"Fundi, simu yenu mpya imekufa."

"Shikamoo mama. Umeme upo hapo?"

"Umeme haupo tangu mchana. Simu na umeme wapi na wapi?"

Hakukosea kuuliza. Kwa simu aliyoitumia maisha yake yote, havikuwa na uhusiano. Yule kijana aliyemuuzia kifurushi alimweleza spidi, akamweleza bei, akamweleza dakika za bure. Hili hakuligusa. Tulichofanya ni kununua betri ndogo ya akiba ya ruta. Soma kibandiko cha adapta kwanza: ruta nyingi ni volti 12, lakini si zote, na betri isiyolingana itakuunguzia kifaa ambacho mkataba unasema ukirudishe kizima. Kwa waliofungiwa ruta ya mnara, jueni pia kwamba mnara nao unaishi kwa betri umeme ukikatika. Ukikatika muda mrefu sana, betri yako inaweza kuwa hai na mnara umelala.

Kabla ya yote hayo, nina swali ambalo hunikosesha kazi mara nyingine: una uhakika tatizo ni kampuni? Huku pwani chumvi haina huruma. Nimefungua visanduku Mikindani nikakuta maungio yamegeuka kijani, shaba imeliwa hadi ukigusa kwa bisibisi inamomonyoka. Mvua ikinyesha laini inakoroma, mwenye nyumba analaani kampuni, kumbe ugonjwa uko ukutani kwake. Jipime mwenyewe. Chomoa simu zote za vyumbani, chukua simu moja unayoiamini, ichomeke kwenye kisanduku cha kwanza kabisa waya unapoingilia. Ikiwa kimya na safi, mbovu ni waya wa ndani. Badilisha huo, ni kazi ya saa chache. Ikiwa inakoroma hata hapo, basi mkoromo unatoka nje, na una haki ya kuhama.

Ukishaamua, usikate ya zamani kwanza. Nawasihi wateja kwa hili na bado wapo wanaonizunguka, wanafunga laini asubuhi kwa sababu mpya wameahidiwa jioni. Jioni ya nani? "Fundi yuko njiani" ni sentensi inayoweza kuishi wiki nzima. Acha zote mbili zitembee pamoja. Ijaribu mpya usiku watu wote wakiwa mtandaoni, ijaribu siku ya mvua. Wakati huo uliza kampuni ya zamani kama wanaweza kuelekeza simu zako kwenye namba mpya kwa muda, na kwa malipo gani. Halafu kaa uorodheshe nani ana ile namba ya 023. Vitabu vya risiti, kibao cha nje, fomu za benki, ndugu walioko Oman wanaopiga Idi kwa Idi. Mwenye ghala asisahau faksi kama bado anayo, na nyumba ya wageni isisahau ving'ora vya wezi. Vingine vinapiga simu vyenyewe kupitia ule waya, na ukiukata havikwambii.

Kufunga ni kwa barua, si kwa mdomo. Ada ya mwezi ya laini inahesabiwa hata usiponyanyua mkonga, na dirishani wataangalia kompyuta, hawataangalia ulichoahidiwa kwenye simu. Mteja wangu mmoja aliendelea kuletewa bili ya laini ambayo waya wake nilikuwa nimeukunja mwenyewe nikauweka stoo. Kila akienda, jibu ni moja: "Mfumo unaonyesha uko hai." Kilichomwokoa ni nakala ya barua yenye mhuri wa mapokezi na tarehe. Ombeni mhuri huo, na mkirudisha kifaa ombeni karatasi yenye namba ya kifaa hicho (serial number) iliyoandikwa kwenye kibandiko. Malalamiko yakigonga mwamba kwenye kampuni, yanapelekwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huko nako watataka kuona kwamba ulianzia kwenye kampuni na ulijibiwa nini.

Swali ninaloulizwa mwisho, nikiwa nafunga begi, ni kama ile simu ya zamani itatumika. Ya vitufe, ndiyo. Nyuma ya ruta nyingi kuna tundu dogo limeandikwa TEL au PHONE, unachomeka hapo. Usiunganishe simu nne za vyumbani kwenye tundu moja ukategemea zote zilie kwa nguvu, maana umeme wa kengele unaotoka kwenye ruta ni mdogo kuliko ule wa mtambo. Ya kuzungusha kwa kidole, nayo wapo wanaoitunza Ligula hadi leo, itaita na utaongea vizuri tu ukipigiwa. Kupiga ndiyo taabu: ruta nyingi zinasubiri milio ya vitufe, na ile kukatakata ya gurudumu hazielewi.