Maana ya manufaa katika nadharia ya uamuzi

Katika nadharia ya uamuzi, yaani elimu ya jinsi mtu anavyochagua, upendeleo wa mtu huanza na ulinganisho tu: awekewe mambo mawili, aseme ni lipi analolipenda zaidi au kwamba kwake yote ni mamoja. Tuseme mkazi wa Kawangware anayeelekea katikati ya jiji huipenda bodaboda kuliko matatu, na matatu kuliko kutembea. Anatakiwa atimize masharti mawili: aweze kulinganisha kila jozi, na asijipinge, yaani aipende pia bodaboda kuliko kutembea. Anayekiuka sharti la pili anaweza kuzungushwa, akitoa shilingi chache kila anapobadilishiwa usafiri, hadi arudi kwenye ule alioanza nao huku pesa zimemtoka.

Masharti hayo yakitimia, kila chaguo hupewa namba, iliyo kubwa zaidi ikienda kwa linalopendwa zaidi, na namba hizo ndizo zinazoitwa manufaa. Hapa ndipo wengi huteleza. Kutembea 1, matatu 2, bodaboda 3 husema jambo lile lile na 1, 4, 900, kwa kuwa kinachobeba maana ni mpangilio peke yake. Kudai kwamba bodaboda inampendeza mara tatu zaidi ni kuisemesha namba jambo isilolijua.

Bahati inapoingia, mambo hubadilika. Mwaka 1947, mwanahisabati John von Neumann na mwanauchumi Oskar Morgenstern walithibitisha kwamba mtu anayetimiza masharti mengine machache huamua kana kwamba anazidisha manufaa ya kila tokeo kwa uwezekano wake, kisha anajumlisha. Chukua mchuuzi wa Marikiti anayeahidiwa shilingi 1,600 sarafu ikilala upande mmoja, na asipate kitu ikilala upande wa pili. Ikiwa manufaa yake ni kipeuo cha pili cha fedha, basi kipeuo cha 1,600 ni 40, nusu yake ni 20, na 20 ni manufaa ya shilingi 400 za hakika. Ukimpa 500 mkononi atazipokea na kuiacha sarafu, ingawa wastani wake ni 800. Lakini manufaa yake yangekuwa ni shilingi zenyewe, angeichagua sarafu, japo mpangilio wa kiasi cha fedha haujabadilika hata kidogo. Kwa hiyo hapa ukubwa wa pengo kati ya namba una maana.

Si kila mtu huyafuata masharti hayo ya ziada. Mwaka 1953, mwanauchumi Mfaransa Maurice Allais alitunga jozi mbili za bahati nasibu ambazo watu wengi huzichagulia kwa namna isiyoweza kuelezwa na orodha yoyote ya namba za aina hii, kwa sababu huthamini uhakika kamili kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu.