Mlibertariani yupi, wa hiari au wa kodi?

Katika mtihani niliuliza walibertariani wanasema nini kuhusu utashi. Mwanafunzi mmoja akajaza ukurasa mzima kodi, leseni za biashara na ubaya wa serikali kubwa. Nilimpa sifuri, kisha roho ikanisuta. Neno lenyewe ndilo lililomponza: katika falsafa ni mtetezi wa hiari ya binadamu, katika siasa ni mtetezi wa soko huria na serikali ndogo.

Kwa Kiingereza lilianzia kwa wanafalsafa. Mwaka 1789 William Belsham aliwaita hivyo wanaoshikilia kwamba binadamu ana hiari, akiwapambanisha na wanaosema kila tendo limefungwa na sababu zilizolitangulia. Tazama kikombe cha chai kilicho mbele yako. Umekiinua. Je, mambo yote yangekuwa vilevile hadi nukta ile, kiu yako, malezi yako, hata ubongo wako ulivyokaa, ungeweza kukiacha? Mlibertariani wa falsafa anajibu: ndiyo, ningeweza, na kama nisingeweza, basi hiyo si hiari. Kodi haijatajwa hata kidogo.

Kwenye siasa, waliotangulia kujiita hivyo wala hawakuwa watu wa soko huria. Joseph Déjacque, Mfaransa aliyepinga dola na mali binafsi kwa pamoja, alilitumia mwaka 1857, na mwaka uliofuata akaanzisha gazeti lake, Le Libertaire, huko New York. Watetezi wa soko nchini Marekani walilidaka karibu karne moja baadaye. Chama chao, Libertarian Party, kilizaliwa 1971. (Argentina, iliyomchagua Javier Milei, mlibertariani wa soko huria, kuwa rais mwaka 2023, ina pia shirikisho la zamani la wapinga dola lenye neno hilohilo katika jina lake. Hebu fikiria barua zikipotea njia.)

Ninayempenda zaidi ni John Hospers, profesa wa falsafa na mgombea urais wa kwanza wa chama kile, mwaka 1972. Aliambulia kura moja ya wajumbe wa uchaguzi, wanaomchagua rais wa Marekani kwa niaba ya majimbo yao, ya mjumbe wa Virginia aliyetarajiwa kumpigia Richard Nixon wa chama cha Republican. Lakini katika makala zake za miaka ya 1950, Hospers huyohuyo aliishuku hiari: tunasukumwa, alisema, na nguvu za nafsini zilizojengeka utotoni, ambazo hatukuzichagua. Kisiasa mlibertariani, kifalsafa hayumo.

Nasi Kiswahili kilishatutenganishia mambo haya. Mfungwa hana uhuru, ila akigoma kula, amegoma kwa hiari yake. Basi swali nimeliandika upya, "Eleza msimamo wa watetezi wa hiari", na yule mwanafunzi atalirudia Jumatatu.