Je, wajua? Mchanga wa pwani haugeuki mwamba kwa kubanwa

Kwenye fukwe nyingi za nchi za joto, maji yakipwa hutokeza mabamba ya mwamba yaliyolala kwa mteremko kuelekea baharini, mteremko uleule wa mchanga ulio pembeni yake. Vunja ncha ya bamba moja uitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitu unavyovijua: chembe za mchanga, vipande vya kombe, kijiti cha tumbawe, pengine konokono mdogo ambaye rangi zake hazijafifia. Ni ufuo uleule, ila huu haumwagiki.

Huu ndio mwamba wa ufukoni, mmoja wa miamba mashapo, yaani miamba itokanayo na mchanga au tope lililotua, yenye umri mdogo kuliko yote duniani. Katika baadhi ya visiwa vya Pasifiki yamekutwa ndani yake mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwingine chupa za kioo, vyote vimeshikwa barabara kama kombe lolote. Kwa hiyo mchanga huo haukungoja mamilioni ya miaka. Miongo michache ilitosha.

Kabla sijaufahamu mwamba huu nilikuwa na jibu langu tayari, na nililitoa kwa uhakika kila nilipoulizwa: mchanga hufunikwa na mchanga mwingine, tabaka juu ya tabaka, uzito unazidi, mwisho chembe zinashikana na kuwa jiwe. Ndivyo wengi tulivyofundishwa, au ndivyo tulivyoelewa tulipofundishwa. Jibu hili lina mvuto kwa sababu sehemu yake moja ni kweli: mashapo mengi hufukiwa kweli, na hubanwa kweli. Lakini mwamba wa ufukoni hauna kitu juu yake. Hakuna tabaka, hakuna kilima, ni jua na upepo na wimbi linalokuja na kurudi. Sasa ulibanwa na nini?

Jaza gololi kwenye mtungi, uweke tofali juu yake, uziache mwaka mzima. Siku utakayoinamisha mtungi, gololi zitamwagika moja moja kama siku ya kwanza. Uzito ulizifanya zikaribiane, haukuzifanya zishikane. Mchanga wa kwatzi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, una tabia hiyohiyo, kwa kuwa chembe zake ni ngumu na hazibonyei. Mchanga uliotua karibuni huwa na nafasi kati ya chembe zinazofikia kama asilimia 40 ya ujazo wake. Ukifukiwa, chembe hujipanga upya na nafasi hupungua, lakini haziishi. Wachimbaji wa visima vya mafuta wamekuta mchanga ulio zaidi ya kilomita 1 chini ya ardhi ambao bado unabomoka, kiasi kwamba huingia kisimani pamoja na mafuta na kuharibu mitambo. Uzito wa kilomita nzima, na bado ni mchanga.

Halafu fikiria chumvi iliyoingia unyevu kisha ikakauka. Huganda bonge, na hakuna kilichoikandamiza. Unyevu uliyeyusha chumvi kidogo, ukakusanyika pale punje zinapogusana, ulipokauka ukaiacha chumvi hiyo kama daraja kati ya punje na punje. Ufuoni hutokea jambo linalofanana sana na hilo, na linastahili kutazamwa polepole.

Maji yakipwa, mchanga haukauki mara moja. Maji mengi hushuka chini, lakini yale machache yanayobaki hukimbilia pale chembe mbili zinapogusana, yakang'ang'ania hapo kama pete ndogo. Pete hizo ndizo zinazofanya mchanga mbichi usimame ukiufinyanga kwa mikono. Jua likiwaka, pete husinyaa. Chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, yaani kalsiamu kaboneti, huwa nyingi kupita kiasi cha maji yaliyobaki, hivyo hujitenga na kuwa fuwele palepale kwenye mguso. Maji yakijaa huleta mzigo mwingine. Kwenye pwani nyingi hali hii hujirudia mara 2 kwa siku, zaidi ya mara 700 kwa mwaka.

Chini ya darubini, saruji hii ya asili huonekana imebonyea kwa ndani, umbo lilelile la pete ya maji iliyoizaa. Ufukoni chini kidogo, ambako nafasi hubaki zimejaa maji muda wote, sura hubadilika: saruji huizunguka chembe nzima kwa unene sawa, kama vazi la sindano nyembamba zilizosimama wima. Mtaalamu akiona kipande cha kale chenye pete hizo, hutambua kwamba kiligandia mahali palipoingia hewa. Kwangu hili ni la ajabu hasa: tone la maji lililokauka zamani limeacha umbo lake ndani ya jiwe.

Kukauka si njia pekee. Chokaa hudumu ikiwa imeyeyuka majini kwa msaada wa hewa ya ukaa iliyomo humo. Gesi hiyo ikitoka, chokaa hukosa wa kuishika. Ndiyo sababu birika linalochemsha maji magumu huota ukoko mweupe ndani: joto limefukuza gesi, chokaa imeganda ukutani. Bahari ya joto isiyo na kina hutenda hivyo kwa upole zaidi. Maji yenye joto hushika gesi kidogo, mawimbi huyatikisa, na tayari yana chokaa nyingi kuliko inavyoweza kubaki imeyeyuka kwa raha.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Kwa fukwe fulani watafiti wameona kukauka ndiko kunakoongoza. Kwa nyingine ni kutoka kwa gesi, au kukutana kwa maji ya bahari na maji baridi yanayochuruzika kutoka nchi kavu, au kazi ya vijidudu wanaoishi kati ya chembe. Ushahidi wa ufuo mmoja mara nyingi haukubaliani na wa ufuo mwingine, na pengine sababu hizo hushirikiana.

Mchanga usiobahatika kugandia ufukoni hufukiwa na kungoja. Huko chini saruji inaweza kuwa chokaa, silika (kitu kilekile kinachounda kwatzi) au madini ya chuma, nayo huletwa na maji yanayopita taratibu. Madini yaliyomo katika maji hayo ni machache sana, hivyo ili nafasi moja ijae kabisa, maji ya ujazo wa maelfu ya nafasi kama hiyo sharti yapite. Muda mrefu tunaoutaja kila tunapozungumzia miamba hutumika zaidi kwa kupitisha maji kuliko kwa kubanwa.

Uzito haukosi kazi. Tope laini, ambalo hutua mbali zaidi na ufuo kwenye maji yaliyotulia, linaweza kuwa zaidi ya nusu maji, na chembe zake ni bapa kama karatasi. Hilo hubanwa kwelikweli, maji yakakamuliwa, karatasi zikalala. Hata kwenye mchanga wa kina kirefu, mbano huyeyusha kwatzi pale chembe zinaposukumana na kuipeleka nafasi za jirani. Lakini hata hapo anayegundisha ni maji.

Mwaka 1968, karibu na kisiwa cha Bimini Kaskazini huko Bahamas, wapiga mbizi walikuta chini ya maji mstari wa mawe makubwa yaliyopangika kama barabara, na wapo walioamini ni mabaki ya mji uliozama. Ni mwamba wa ufukoni. Uligandia ufuoni, bahari ikapanda, mawimbi yakaula mchanga uliokuwa chini yake, nao ukapasuka vipande vya mraba kwa jinsi bamba jembamba linavyopasuka likikosa egemeo.

Ukipata jiwe la mchanga wa kwatzi na unataka kujua kilicholishika, lidondoshee siki. Likitoa viputo kwenye mianya kati ya chembe, saruji yake ni chokaa. Viputo hivyo ni hewa ya ukaa, gesi ileile ambayo kutoka kwake majini kuliiwezesha chokaa kuganda. Sehemu iliyobaki jiweni ndiyo inayotoka sasa.