Kuzaliwa Lamu si kinga ya malaria

Jamani hili la "mimi mzaliwa wa Lamu, malaria hainiwezi" linaniuma roho. Kinga ya malaria mtu huipata kwa kuambukizwa mara kwa mara na hata hivyo ni nusunusu tu, ukikaa Nairobi ama Uingereza miaka kadhaa inapungua, na watoto mliowazalia huko hawana kabisa. Juzi binamu yangu kaja likizo, neti imefungwa fundo juu ya kitanda, mtoto kalala wazi mpaka alfajiri, na mbu wa malaria ndo saa zake hizo! Muoneni daktari kabla ya safari, na ukipewa doksisaiklini, dawa ya kuzuia malaria, unaendelea nayo wiki 4 baada ya kurudi. Homa ikikushika hata mwezi baadaye, kapimwe siku hiyohiyo.